Step 1 na Step 2 CK: ufanye siku uliyopanga, usogeze kidogo, au uahirishe kabisa?

Hii nawaandikia wale ambao mtihani wao wa USMLE (mitihani ya leseni ya udaktari ya Marekani, Step 1 ni ya sayansi za msingi na Step 2 CK ni ya maarifa ya kliniki) umebaki wiki 3 au 4, alama za majaribio sio mbaya ila pia sio za kukufanya ulale usingizi, na kila ukifungua laptopu usome unajikuta ushafungua kwanza ukurasa wa kubadilisha tarehe, unaangalia siku zilizobaki wazi, unafunga, unafanya maswali 10, unarudi kuangalia tena. Naijua hiyo hali maana nimeiishi. Step 1 yangu niliisogeza mbele wiki 2 na nusu, Step 2 CK nikaifanya siku ileile niliyopanga ingawa wiki ya mwisho nzima nilikuwa nimejawa na hofu, na rafiki yangu niliesoma nae toka mwanzo aliahirisha Step 1 kwa zaidi ya miezi 5, na kwa hali aliyokuwa nayo sioni angefanya nini kingine. Kwa hiyo njia zote 3 nimeziona kwa karibu, na kila moja nimeona mtu imemuokoa na mtu mwingine imemuumiza.

Nitakachofanya ni kuweka vigezo kwanza, afu kila njia tuipitishe kwenye vigezo hivohivo, afu utaona mwenyewe unakaa wapi.

Mambo ambayo hayabadiliki hata ufanyeje

Kikubwa kabisa ni hiki: kusogeza tarehe hakuonekani kwenye transkripti yako ya USMLE, kufeli kunaonekana, na kunabaki hapo hata ukija kupasi baadae kwa kishindo. Nafasi ni 4 tu kwa kila Step (zamani zilikuwa 6, zikapunguzwa mwaka 2021), ndani ya miezi 12 huwezi kuifanya Step moja zaidi ya mara 3, na ukishaanza mtihani ukanyanyuka katikati ukaondoka nayo inahesabiwa kuwa umetumia nafasi. Programu nyingi za residensi (mafunzo ya ubingwa hospitalini) zinaangalia umefanya mara ngapi kabla hata hazijasoma barua yako, na yapo majimbo ya Marekani yenye ukomo wao wa majaribio wakati wa kutoa leseni.

Jambo la pili, Step 1 toka tarehe 26 Januari 2022 majibu yake ni umepita au hujapita, hakuna namba. Step 2 CK bado ina namba, na kiwango cha kupita kilipanda kutoka 214 mpaka 218 kuanzia Julai 2025. Na ukishapita Step huruhusiwi kuirudia eti upandishe alama. Watu wengi wanazichanganya hizi mbili wakati uamuzi wake haufanani hata kidogo. Kwenye Step 1 unajiuliza tu nitapita kwa uhakika au la, na ukishakuwa na huo uhakika, kuongeza wiki 6 nyingine hakuna kitu kinachoongezeka kwenye karatasi yako. Kwenye Step 2 CK unajiuliza je alama nitakayopata nikifanya leo nitaweza kuishi nayo, kwa sababu ukipata 221 umepita na ndo imeisha, hiyo 221 itakwenda kwenye kila programu utakayoomba.

La tatu, unapojisajili unachagua kipindi cha miezi 3 cha kufanyia mtihani. Unaweza kuomba kuongezewa mara moja tu, miezi 3 inayofuatia palepale, kwa kulipia. Hicho kikipita bila kufanya, ada yako imekwenda na unaanza usajili upya.

Vigezo vya kupimia

Mimi naona viko 5, na havina uzito sawa.

Cha kwanza ni ushahidi wa alama. Nikisema ushahidi namaanisha majaribio ya NBME yenyewe (bodi ya Marekani inayotunga mitihani hii), kwa Step 1 yanaitwa CBSSA: maswali 200, sehemu 4 za maswali 50, dakika 75 kila sehemu, na ukimaliza yanakupa asilimia yako pamoja na makadirio ya uwezekano wa kupita kama ungefanya mtihani ndani ya wiki moja. Ukanda wa 62 mpaka 68 ndo wanauhesabu kuwa wa kupita kwa karibu sana. Kwa Step 2 CK yapo ya kwake, CCSSA, yanakadiria namba yenyewe ya tarakimu 3. Afu kuna maswali 120 ya bure ambayo USMLE wenyewe wanatoa. Asilimia za benki ya maswali kama UWorld sizihesabu kama ushahidi, zile ni za kujifunzia, mtu anaweza kuwa na 55 kule na akapita vizuri na mwingine ana 75 kwa sababu ni mara yake ya pili kupitia maswali yaleyale. Na jaribio lolote ulilosimamisha saa ukaenda kula, ukarudi, ukaangalia jibu moja kidogo "kuthibitisha tu", hilo sio ushahidi, litoe kwenye hesabu.

Tena usiangalie jaribio moja. Angalia 3 za mwisho kwa pamoja. Mwenye 54, 59, 64 na mwenye 63, 64, 63 wako karibu sehemu moja kwa namba ila wana matatizo tofauti kabisa, wa kwanza bado anapanda na kila wiki inamlipa, wa pili amesimama, na ukimpa wiki 3 za kufanya kilekile alichokuwa anafanya atakuja na 63 nyingine akiwa amechoka zaidi.

Cha pili ni aina ya makosa yako, na hapa ndo naomba ukae sana maana ndo hapa uamuzi wangu ulipotokea. Usiku mmoja nimekaa na ukurasa wa kubadilisha tarehe, nimeshachagua siku mpya miezi 2 mbele, kimebaki kitufe kimoja tu cha kuthibitisha. Nikampigia dada mmoja aliekuwa amenitangulia kwenye hii safari, nikamwambia dada sipo tayari. Hakuniuliza alama. Akaniuliza, "Mdogo wangu, hiyo siku mpya utakuwa umefanya nini ambacho mpaka leo hujafanya?" Nikakosa jibu. Nikasema nitasoma zaidi. Akasema zaidi ya nini, nenda kachukue jaribio lako la mwisho, pitia kila swali ulilokosa, uliandikie sababu, afu nipigie kesho.

Nilikuwa nimekosa maswali 74 kati ya 200. Nikachora safu 3 kwenye daftari: sikujua kabisa, nilijua ila nikababaika kati ya mawili, nilisoma swali vibaya. Nilikuwa na uhakika safu ya kwanza itajaa. Ilipofika usiku wa manane safu ya kwanza ilikuwa na 29, ya pili 24, ya tatu 21. Maswali 21 nilikuwa nayajua! Kuna moja walikuwa wameuliza hatua inayofuata *baada* ya mgonjwa kutulia, mimi nikajibu ya kumtuliza. Lingine mtoto alikuwa na umri wa siku 10, mimi nikasoma miezi 10 na nikaanza kufikiria magonjwa mengine kabisa. Na makosa mengi ya safu ya tatu yalikuwa sehemu ya nne, yaani kichwa kilikuwa kimechoka. Na kwenye safu ya kwanza, kati ya 29, maswali 17 yalikuwa takwimu za kitabibu na biokemia, mada 2 tu. Miezi 2 ya nini sasa? Hizo mada 2 zilihitaji siku 9 au 10 za kazi kweli, na uchovu ulihitaji kufanya majaribio marefu mfululizo mpaka mwili uzoee. Ndo maana nikasogeza wiki 2 na nusu, nikaacha ile tarehe ya miezi 2.

Kama safu yako ya kwanza ndo imejaa, na mada zimetawanyika kila mahali, moyo, figo, madawa, vijidudu, kinga, hapo hali ni nyingine, hapo wiki 2 hazitoshi.

Cha tatu ni kalenda ya maombi. Programu za residensi zinaanza kufungua maombi mwishoni mwa Septemba. Majibu ya Step kawaida yanatoka ndani ya wiki 4, ila wenyewe wanashauri ujiachie mpaka wiki 8 kwa ajili ya ucheleweshaji. Kwa sisi tuliosoma nje ya Marekani kuna na cheti cha ECFMG, kile daktari aliesoma nje anachohitaji ili aingie residensi, na Step zote mbili lazima uwe umezipita ndani ya miaka 7. Kwa hiyo hesabu kwa kurudi nyuma kutoka Septemba, usihesabu kwa kwenda mbele kutoka leo, utajidanganya.

Cha nne, pesa. Ada ya Step moja kwa tuliosoma nje, ukijumlisha na ya kufanyia kituo kilicho nje ya Marekani, inazidi dola 1,000. Kubadilisha tarehe mapema ni bure, ukikaribia unaanza kulipia, na siku za mwisho kabisa ada inapanda sana. Na kama kituo kiko mbali jumlisha usafiri na malazi.

Cha tano, mwili na akili. Nitakisema ndani ya kila njia.

Njia ya kwanza: unafanya siku ileile

*Ushahidi.* Hii inakaa vizuri kama majaribio yako 2 au 3 ya mwisho, mapya, kwa saa, yako juu ya ule ukanda wa hatari kwa Step 1, tuseme 70 na kupanda, na angalau moja umelifanya ndani ya siku 10 za mwisho. Kwa Step 2 CK angalia kama makadirio yako yanafika pale unapohitaji, na kinachohitajika kwa mtu anaeomba familia medisini sio kinachohitajika kwa anaeomba upasuaji wa mifupa. Sasa kuna kundi kubwa lina ushahidi huu kabisa na bado linataka kusogeza, kwa sababu "najisikia sipo tayari". Jamani, hiyo hisia haiondoki. Nimeongea na watu waliopita vizuri sana na karibu wote waliingia wakiwa wanaona hawajui kitu. Nilivotoka Step 2 CK nilikuwa nakumbuka maswali 11 niliyokosa kwa hakika na sikumbuki hata moja nililopata, ndo akili ilivyo, inashika makosa.

*Aina ya makosa.* Yawe yametawanyika kidogokidogo, hakuna mada moja imekaa kama shimo. Yale ya kusoma vibaya utayapunguza kwa mazoezi ya siku chache tu.

*Kalenda.* Hapa hii njia ndo inang'aa. Ukimaliza Step 1 kwa wakati unapata nafasi ya kupumua kabla ya Step 2 CK, na Step 2 CK ndo yenye namba, kwa hiyo wiki 5 unazozipoteza kuogopa Step 1 unaziiba kwenye Step 2 CK.

*Pesa.* Hakuna cha kuongeza, ila ukifeli unalipa yote upya, kwa hiyo "nafuu" yake iko kwenye ushahidi tu.

*Mwili na akili.* Faida ambayo watu hawaisemi ni kwamba unakuwa umefika kileleni kwa wakati. Kusoma masaa 10 kwa siku kuna mwisho wake, wiki ya 9 au ya 10 vitu ulivyosoma mwanzoni vinaanza kumomonyoka huku unaongeza vipya. Hatari yake ni kama umeshachoka kabisa na hizo wiki 3 zilizobaki unaburuza tu, hapo tarehe ileile inaweza kukukuta umeisha.

*Inamfaa* mwenye namba na asie na amani. Haimfai anaetegemea kwamba "labda maswali yatakuwa rahisi siku hiyo", na wala haimfai anaefanya kwa sababu kashawaambia watu tarehe na anaona aibu. Aibu ya kusogeza inaisha wiki moja. Kufeli utakuwa unakueleza kwenye kila mahojiano.

Njia ya pili: unasogeza wiki 1 mpaka 4

*Ushahidi.* Hapa ni pale unapanda ila hujafika. Uko 61, 64, 66, kila jaribio linakupa pointi 2 au 3. Hiyo mistari inakwambia ukipewa muda kidogo utavuka. Pia kama jaribio lako la mwisho lilianguka ghafla, ulikuwa 70 ukapata 62, usikimbilie kusogeza siku hiyohiyo, fanya jingine baada ya siku 4 au 5 ukiwa umelala. Kuna siku mtu anakuwa na homa, au kapewa taarifa mbaya nyumbani, jaribio moja haliwezi kuamua.

*Aina ya makosa.* Njia hii inafaa mashimo machache yanayotajika kwa jina. Kama huwezi kuandika kwenye karatasi ndogo "nasogeza ili nifanye hivi na hivi na hivi, na nitajua nimefanikiwa nikiona hiki", basi hizo wiki zitayeyuka, nakuhakikishia. Yangu ilikuwa mistari 4: takwimu za kitabibu zote upya pamoja na mahesabu kwa mkono, biokemia ya magonjwa ya kurithi, majaribio 2 kamili, na siku moja ya kufanya bloku (sehemu za mtihani) 7 mfululizo kama mtihani wenyewe. Mstari wa mwisho ndo ulionisaidia kuliko yote. Step 1 kwa mpangilio niliofanya mimi ilikuwa bloku 7 za saa moja moja, maswali mpaka 280 kwa siku moja, sekunde 90 kwa swali, na mapumziko ya dakika 45 tu unayogawa mwenyewe. Majaribio ya maswali 200 hayakuonyeshi bloku ya 6 inakuwaje. Siku ile nilipofanya zote 7 nyumbani niligundua bloku ya 5 nilikuwa nasoma swali mara 3 ndo linaingia, nikajua nilikuwa natumia mapumziko yote mapema na kula kizito mchana. Nikabadilisha: mapumziko mafupi baada ya kila bloku 1 au 2, chakula chepesi mara 2. Kwenye mtihani bloku ya 6 nikaiingia nikiwa mzima.

*Kalenda.* Mara nyingi wiki 3 hazivurugi kitu, ila angalia kwanza kama kituo kina nafasi, maana miezi ile ambayo kila mtu anakimbilia mtihani kabla ya msimu wa maombi siku zinajaa, unaweza kutaka wiki 2 ukalazimika kuchukua wiki 6 au kwenda mji mwingine. Usifute siku uliyonayo kabla ya kuona mpya iko wazi na iko ndani ya kipindi chako.

*Pesa.* Inategemea umeamua lini. Ndo maana nashauri jaribio la kuamua lifanyike mapema, sio wiki ya mwisho. Kama hela ya kubadilisha inakuuma, iweke pembeni ya dola zaidi ya 1,000 za kurudia.

*Mwili na akili.* Nafuu ya siku 2 za kwanza ni kubwa mno, unalala kama mtoto. Afu siku ya 3 hofu inarudi ileile. Kuna jamaa namfahamu alisogeza wiki 3, afu wiki 2, afu wiki 3 tena, kila mara hofu ilivopanda aliishusha kwa kubonyeza kile kitufe, na alama zake toka ya kwanza mpaka ya mwisho zilitofautiana pointi 1. Namheshimu sana, alikuja kupita, ila anasema mwenyewe zile wiki 8 zilimlia akiba na nguvu bila kumpa kitu. Kwa hiyo ukisogeza mara ya kwanza kwa sababu ya mpango, sawa. Ukijikuta unasogeza mara ya pili kwa muda mfupimfupi, simama, huenda wewe ni wa njia ya kwanza au ya tatu na unakwepa kuamua.

*Inamfaa* anaepanda, mwenye orodha fupi, na aliepatwa na jambo la muda mfupi kama kuugua wiki moja au msiba. Haimfai aliesimama palepale kwa muda mrefu.

Njia ya tatu: unaahirisha kwa miezi

*Ushahidi.* Uko chini kabisa ya ule ukanda, 50 na kitu, na mtihani uko wiki 3. Au umesimama palepale majaribio 4 pamoja na kwamba unasoma kwa bidii kweli. Hapo namba zinakwambia msingi haujakaa, na msingi haujengwi kwa wiki 3. Nasema hivi kwa upendo kabisa kwa sababu kuna watu wanaambiwa "nenda tu, Mungu ni mwema", na toka Step 1 iwe ya kupita au kutopita kiwango cha kupita kilishuka, hasa kwa tuliosoma nje, na wanaorudia wanapita kwa kiwango cha chini zaidi ya wanaofanya mara ya kwanza. Sio mtihani wa kujaribisha.

*Aina ya makosa.* Safu ya "sikujua kabisa" imejaa na kila mfumo wa mwili una mchango. Au umehitimu miaka mingi, umekuwa wodini muda wote, unajua kutibu vizuri tu ila sayansi za msingi zimekwenda. Huyu mtu hana upungufu wa akili, ana upungufu wa muda wa kurudi kwenye mambo ya mwaka wa kwanza na wa pili.

*Kalenda.* Hapa ndo inapouma. Miezi 4 au 5 inaweza kukutoa kwenye msimu mzima, na msimu mmoja ni mwaka. Pia mwaka tangu uhitimu unaongezeka na programu zingine zinaliangalia hilo. Ila pima pande zote mbili, maana ombi lenye kufeli ndani yake linalopelekwa mwaka huu sio lazima liwe bora kuliko ombi safi la mwaka kesho. Mwaka huo unaweza kuingiza uzoefu wa kliniki kule Marekani, barua za mapendekezo, utafiti kidogo, vitu ambavyo kama ungekimbiza mtihani usingevipata.

*Pesa.* Ndo njia ghali zaidi kwa haraka. Ada ya kuongeza kipindi au usajili mpya kabisa, usajili wa benki ya maswali tena, na kama uliacha kazi ili usome, miezi mingine bila mshahara. Wengi wanaoahirisha hivi inabidi warudi kazini, na hilo sio baya, masaa 3 ya kila siku kwa miezi 5 yanajenga kuliko masaa 12 ya wiki 3 za kuchanganyikiwa, ila ratiba iandikwe na watu wa nyumbani waijue.

*Mwili na akili.* Rafiki yangu niliemtaja alikuwa analia kila asubuhi kabla ya kufungua maswali. Alikuwa anasoma ukurasa mmoja dakika 40. Tulidhani ni uvivu wa hofu, kumbe ilikuwa sonona, na alipoonana na daktari wa magonjwa ya akili akaanza matibabu, ndo tukaelewa kwamba hakuna ratiba ambayo ingemsaidia pale. Aliahirisha. Miezi 2 ya kwanza hakugusa kitu. Aliporudi jaribio lake la kwanza lilikuwa juu kwa pointi 6 kuliko alipoishia, bila kusoma neno jipya! Kama unasoma hii na unajiona hapo, mtihani tuuweke pembeni kwanza, nenda kaonane na mtu, sisi tunawaambia wagonjwa hivo kila siku.

*Inamfaa* asie na msingi, mgonjwa, mwenye mtoto mchanga au mzazi anaeugua, na anaetaka alama kubwa ya Step 2 CK kwa fani ngumu na bado yuko mbali nayo. Haimfai mwenye namba nzuri anaeogopa tu, maana kwa huyu miezi inageuka kuwa ya kusahau.

Sasa wewe uko wapi

Kama ni Step 1 na majaribio 2 ya mwisho ya kweli yako 70 kwenda juu, mimi ningekuacha uende. Zile siku za mwisho tumia kulala kwa saa za mtihani na kurudia makosa yako, usianze kitabu kipya.

Kama ni Step 1 na uko kati ya 62 na 68, usiamue kwa namba peke yake, chora zile safu 3. Unapanda na mashimo yana majina, sogeza kidogo, mara moja. Hupandi na mashimo yako kila mahali, hesabu yako ni ya miezi.

Kama ni Step 1 na uko 50 na kitu, toka leo acha kuangalia nafasi za wiki ijayo. Angalia kipindi chako kinaisha lini, omba kuongezewa kabla hakijapita, na ubadilishe namna ya kusoma, sio muda tu.

Kama ni Step 2 CK na makadirio yako yako juu ya kupita ila chini ya unachotaka, jiulize mambo mawili: je unapanda, na je ukisogeza majibu yatakuwa yametoka kabla ya mwishoni mwa Septemba ukiweka na zile wiki 8 za tahadhari? Zote ndio, sogeza. Ukikosa moja wapo, hasa la Septemba, mara nyingi alama ya wastani iliyopo kwenye ombi siku linafunguliwa ina faida kuliko nzuri ambayo haijafika. Ila ukiwa karibu na 218, au chini yake, usiende kwa sababu ya Septemba.

Kama unarudia baada ya kufeli, kuwa mgumu zaidi na nafsi yako kuliko mara ya kwanza. Taka majaribio 3 mfululizo, sio moja, na yawe na nafasi ya kutosha juu ya mstari.

Kama umeshasogeza mara 2 tayari na alama ni zilezile, mpe mtu mwingine zile alama bila kumwambia hofu yako, mtu aliepita, mwambie dada au kaka niangalizie, afu fuata atakachosema.

Na kama umeamka asubuhi ya mtihani una homa ya 39 au umetapika usiku kucha, usikae mbele ya ile skrini. Kutokuingia kutakupotezea pesa, na pesa inauma, ila ukishaanza bloku ya kwanza nafasi moja kati ya 4 imeshatumika hata ukitoka dakika 10 baadae. Wapigie kituo, kunywa maji, rudi kitandani.